Pikipiki ya Madrasa Ilipopelekwa Nairobi



Wasomaji wetu waheshimiwa, akina mama, akina baba na watoto wa nyumba zetu: juma hili sitaandika juu ya fiqhi ya saumu wala ya mirathi kama ilivyo ada yangu. Nitawasimulia safari ya Nairobi, katika mitaa ya Kibera na Kawangware, na habari za pikipiki kuukuu. Asidhani mtu kwamba sheikh ameacha kitabu akashika spana. Nivumilieni mpaka mwisho, ndipo mtakapojua kwa nini habari hii nimeiona ni deni shingoni mwangu, na mdai wake ni mama mmoja anayesoma kurasa hizi kila wiki.

Madrasa yetu ina pikipiki moja ya Kijapani, ya aina iliyoundwa kwa njia za porini: tairi zenye meno, miguu mirefu, madigadi ya mbele yaliyoinuliwa ili matope yasikwame. Wakubwa wenzangu watazikumbuka pikipiki za namna hiyo. Kabla ya mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT katika pikipiki ndogo na bodaboda zikajaa kila njia panda, pikipiki mashambani ilikuwa chombo cha bwana shamba, cha daktari wa mifugo na cha afisa wa afya. Yamaha DT, Suzuki TF, Honda XL: majina hayo tulikua nayo. Miradi ilipokwisha na maafisa walipostaafu, nyingi ziliuzwa kwa mnada, na moja ikatufikia sisi kwa michango ya waumini. Kazi yake ni kumpeleka ustadhi katika vijiji vitatu vya ndani ya Kinango, ambako gari hufika kwa shida na watoto wana haki ya kusoma kama watoto wa mjini.

Ustadhi huyo alikuwa kijana wetu wenyewe, tuliyemsomesha tangu juzuu Amma. Kwa miaka mitatu hatukusikia lawama juu yake. Kisha mambo mawili yakaanza.

La kwanza, alianza kuchelewa. Aliondoka baada ya sala ya alfajiri, na wazee wa kijiji cha kwanza wakawa wanatupigia simu saa tatu: mwalimu hajafika. Akiulizwa, alisema pikipiki ilizimika njiani, akakaa chini ya mti kitambo, kisha ikawaka yenyewe. Tulimwita fundi wa jirani mara mbili. Mara zote mbili alifungua tangi akatazama petroli, akapiga kiki, injini ikawaka, akaizungusha hatua chache, akasema haina neno.

La pili lilikuwa oili. Pikipiki hizi zina oili ya giaboksi, na mtunza hazina wetu aligundua kwamba kila wiki mbili inahitajika nusu lita mpya. Chini ya pikipiki hakuna hata tone moja. Basi oili inakwenda wapi? Mjumbe mmoja wa kamati akasema kijana anaiuza. Mwingine akaunganisha na ule uchelewaji: huenda asubuhi anabeba abiria kwa nauli kabla ya kwenda kusomesha. Mwingine akamalizia kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kikao kile. Sikumtetea. Katika mwezi wa Rajabu tulimwambia apumzike.

Mama yake alikuja kwangu akaapa kwamba mwanawe hakuchukua hata kijiko cha oili. Nilimjibu kwa upole, lakini moyoni nilisema: mama gani asiyemwapia mwanawe?

Baada ya hapo tulimpa pikipiki ustadhi mwingine. Juma la kwanza tu, yeye naye akachelewa. Hapo ndipo usingizi uliponipungua. Mafundi wa kwetu wa leo wamezoea bodaboda mpya, ambazo injini zake ni za mipigo minne. Hii yetu ni ya mipigo miwili, na wengi wao hawajapata kuifungua moja. Mpwa wa mke wangu ameolewa Kibera, naye akatuambia kwamba mtaani kwao yuko fundi kijana asiyeshindwa na kitu. Shaaban ilipoingia tukaipakia pikipiki katika lori la bidhaa, petroli ikiwa imemwagwa kwa usalama, nami nikapanda treni ya Madaraka pale Miritini.

Treni hii, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, hukupandisha bila wewe kuhisi. Unaketi, unaipita Tsavo na vumbi lake jekundu, unashuka Syokimau saa chache baadaye, nawe umekwisha kupanda zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Mwili wangu ulitambua kwa baridi ya jioni. Injini nayo, kama nilivyokuja kufundishwa, hutambua kwa njia yake.

Kibera wengi wetu tumeijua kwa sifa mbaya: mabati, matope, fujo za siasa. Nami nilikwenda na sifa hizo kifuani. Nilipofika Makina niliona haya. Jina lenyewe la Kibera ni la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Wanubi ni wajukuu wa askari Waislamu wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la Mwingereza, King's African Rifles, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakawekwa katika ardhi hii wakati bado ni pori. Walikaa zaidi ya miaka mia bila hati ya ardhi. Mwaka 2017 ndipo jamii yao ilipokabidhiwa hati ya ekari 288. Wakati huo msitu ulikuwa umekwisha kuwa mji wa makabila yote ya Kenya: Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii na wengineo, kila kijiji na jina lake, Laini Saba, Kianda, Lindi, Gatwekera, Soweto.

Katika nyumba ya wenyeji wangu, bibi wa nyumba, mama mkwe wa mpwa wetu, aliniandalia gurusa, mkate mwembamba wa Kinubi unaofanana na chapati ya maji, na mchuzi wa nyama. Chakula kilifunikwa kwa tabaga, kifuniko cha kusukwa chenye duara za rangi nyingi. Akina mama wa Pwani wangekiona wangesema ni kawa yetu iliyovaa nguo ya harusi. Adhana ya magharibi ilisikika karibu, na baada ya sala watoto walipita na misahafu yao mikononi. Nilijiuliza ni mambo mangapi mengine niliyoyajua kwa sifa tu, na sijayafungua nikatazama ndani.

Asubuhi tulikwenda kwa fundi. Gereji yake ni paa la bati na miti minne, hatua chache kutoka reli ya zamani. Reli hiyo ndiyo iliyotoka kwetu Mombasa, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Leo watu wa Kibera huipita kwa miguu kama barabara ya mtaa, na wauzaji hutandaza bidhaa kandokando yake. Fundi alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mpole, mikono myeusi kwa grisi.

Nilianza kumweleza habari ya oili, na ya ustadhi, na ya kamati. Akaninyamazisha kwa adabu.

“Sheikh, samahani. Nieleze pikipiki inafanya nini. Habari ya nani amefanya nini, tuiache kwanza.”

Nilinyamaza. Kadhi hodari hakusema vizuri kuliko hivyo.

Kisha akanifundisha, kwa kuwa niliuliza. Injini ya petroli, alisema, iwe ya bodaboda au ya lori, huomba vitu vinne: petroli, hewa, cheche, na mbano wa pistoni ndani ya silinda. Kimoja kikikosekana haiwaki. Kazi ya fundi ni kujua kipi kimekosekana, naye huanza na kile kilicho rahisi kutazama, si kile kilicho ghali kutengeneza. Fundi mbaya huanza kwa kupasua injini. Fundi mzuri huanza kwa kuuliza: inazima vipi? Ghafla, kama taa iliyozimwa? Basi shuku umeme. Au inadhoofika kidogo kidogo, ikikohoa kama mgonjwa? Basi shuku petroli.

Yetu, kwa maelezo ya ustadhi wote wawili, ilikuwa inadhoofika.

Akatia petroli, akafunga kifuniko, akaipanda, mimi nikafuata nyuma juu ya bodaboda ya jirani. Tulizunguka mpaka karibu na soko la Toi na kurudi. Baada ya kama robo saa ikaanza kukohoa, ikafa. Nilitaka kufungua tangi nitazame petroli, kama tulivyokuwa tukifanya siku zote. Akanishika mkono.

“Usifungue. Ukifungua, tunapoteza shahidi.”

Aliisukuma mpaka kibandani. Kwanza alitoa plagi, akaichomeka tena katika kofia yake ya waya, akaiegemeza juu ya chuma cha injini, mbali na petroli, akapiga kiki. Cheche ya buluu ikaruka. Umeme upo. Plagi yenyewe ilikuwa imelowa oili nzito, nyeusi. Akaitazama kwa muda, akaifuta, akaiweka kando. “Huu ni ugonjwa wa pili,” alisema. “Tutaufikia.” Kisha akafungua skrubu ndogo chini ya kabureta, mahali ambapo petroli hukaa ikingojea kuvutwa na injini. Halikutoka tone. Tangi limejaa, kabureta kavu. Akachomoa mpira unaotoka tangini, akafungua koki: petroli ilidondoka kwa shida, tone, tone, ikasimama.

“Sasa, Sheikh, fungua kifuniko. Taratibu.”

Nikakizungusha. Tukasikia hewa ikiingia: fyuuu. Na pale pale petroli ikabubujika katika ule mpira, ikajaza kopo alilolikinga.

Akina mama mtaelewa jambo hili upesi kuliko sisi. Kopo kubwa la mafuta ya kupikia likitobolewa tundu moja tu, mafuta hayamwagiki vizuri. Hugugumia, yakasimama. Ukitoboa tundu la pili upande wa juu, hewa huingia na mafuta hushuka kwa utulivu. Kifuniko cha tangi la pikipiki kina tundu la namna hiyo, dogo kama la sindano. Likizibika, petroli hushuka kwa muda, kisha huzuiliwa na utupu ulio juu yake. Ukingoja kitambo chini ya mti, hewa kidogo hupenya, pikipiki huwaka tena. Na kila fundi aliyefungua kifuniko ili atazame petroli alikuwa ameitibu pikipiki bila kujua, kisha akasema hakuna ugonjwa, na kijana akaonekana mwongo.

Fundi akakigeuza kifuniko. Chini yake kulikuwa na kipande cha nailoni kilichokunjwa vizuri na kubanwa kama kinavyobanwa kizibo cha chupa. “Huyu aliyeweka hii,” alisema akicheka, “ndiye mwizi wa safari zenu.”

Sikucheka. Nailoni ile niliiweka mimi. Siku moja nilipanda nyuma ya ustadhi kwenda kwenye maziko, petroli ikaruka kutoka kwenye kifuniko kilicholegea na kuniharibia kanzu. Nilikata kipande cha mfuko, nikakikunja, nikakiweka kwa mikono yangu, nikasahau. Kisha nikakalia kiti cha mwenyekiti na kumhukumu mtu kwa kuchelewa ambako sababu yake ilikuwa mimi.

Nilimwambia fundi ukweli huo papo hapo. Hakunishutumu. Alisema tu kwamba mafundi nao huharibu zaidi ya wanavyokiri.

Likabaki suala la oili. Usiku ule tulitandika kartoni safi chini ya injini. Asubuhi ilikuwa kavu. Fundi akakuna kichwa. Yeye, alisema, ni mtu wa Boxer na TVS, injini za mipigo minne. Mashine hii ilikuwepo kabla hajazaliwa. “Lakini aliyenifundisha mimi yupo Kawangware. Yeye alizitengeneza hizi zilipokuwa za serikali. Twende kwake.” Nilifurahi kumsikia akisema sijui, na kumtaja mwalimu wake kwa heshima. Katika elimu yetu sisi pia, asiyekuwa na mwalimu hana sanadi.

Tukapita barabara ya Ngong mpaka Dagoretti Corner, tukaingia barabara ya Naivasha. Kawangware iko magharibi ya jiji, na upande mmoja imepakana na Lavington, mtaa wa kuta ndefu na miti mikubwa. Ukivuka tu, barabara inajaa: mikokoteni ya maji, mahindi ya kuchoma, nguo za mitumba, mahubiri ya spika, vijana wa bodaboda wakiita abiria. Kituo kimoja watu hukiita Arobaini na Sita, kwa nambari ya basi lililokuwa likifika huko. Nilimwona mama mmoja akichambua maharagwe huku mwanawe akifanya hesabu za shule juu ya kreti ya soda, na katikati ya kelele zile hakuna aliyewasumbua.

Mzee tuliyemfuata ana nywele nyeupe kuniliko. Hakuuliza tumetoka wapi. Aliwasha injini, akasimama nyuma ya ekzosti, akanusa moshi kama mpishi anayenusa sufuria. Akauliza swali moja: “Oili ya gia mnaongeza mara ngapi?”

Nilipomjibu alitikisa kichwa. “Na mmemshuku nani?”

Nikashangaa amejuaje. Alisema katika miaka yote ya kutengeneza pikipiki za maofisi, ugonjwa huu daima ulikuwa na mshukiwa. Dereva, au mlinzi, au kijana wa kuosha. Oili inakwisha, sakafu kavu; kwa hiyo kuna mwizi.

Akanieleza. Katika pikipiki za mipigo minne, oili hukaa chini ya injini na haichanganywi na petroli. Katika injini ya mipigo miwili mambo ni mengine: petroli huja ikiwa na oili yake maalumu, hupitia kwanza chini ya pistoni, katika chumba cha krenki, ndipo ipande kuchomwa. Ndiyo maana pikipiki hizi hutoa moshi hata zikiwa nzima. Pembeni ya chumba hicho, upande wa klachi, ipo oili ya giaboksi, na kinachotenganisha vyumba viwili ni pete ya mpira iliyozunguka krenki, mafundi huiita sili. Mpira ukizeeka hukakamaa na kupasuka. Hapo kila pistoni inapopanda, chumba hunyonya, na pamoja na petroli hunyonya oili ya gia kupitia ule ufa. Oili inachomwa, inatoka kwa ekzosti, inapotea hewani. Haidondoki chini hata tone.

“Kwa hiyo moshi ule mwingi?” niliuliza.

“Ndiyo oili yenu. Mlikuwa mnaiona ikiondoka kila siku.”

Nilimwomba, kama haitamchosha, anipe yakini. Nilikuwa nimeshachoka na dhana. Mzee alikubali, na hapa ndipo nilipopenda kazi yake. Alitoa chupa ya kunyonyeshea mtoto, yenye mistari ya vipimo ubavuni. Aliipasha injini moto, akamwaga oili yote ya gia, akatia mpya kwa chupa ile, mbele yangu, chupa mbili na nusu. Akafunga nati na kuifuta ikawa kavu kabisa. Mwanafunzi wake akaipanda kwenda kwenye shughuli za gereji, akirudi na kutoka, tangu asubuhi mpaka karibu na alasiri, kama saa tatu za injini kuwaka. Mzee akamwaga tena, injini ikiwa moto vilevile, akaturudishia chupani. Zaidi ya theluthi ya chupa moja haikuwepo. Tulipapasa chini ya injini kwa karatasi nyeupe, ikatoka safi.

Hakuna mtu aliyeigusa, nami nilikuwa shahidi nimekaa hapo hapo juu ya kigoda.

Nilipokwenda kusali alasiri katika msikiti wa jirani, nilikaa muda mrefu baada ya sala. Suratul Hujurat nimeisomesha mara nyingi nisizoweza kuhesabu, pamoja na amri yake ya kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu, na katazo lake la dhana mbaya. Nimewatahini watoto kwa hiyo. Fundi wa Kawangware, ambaye sijui kama amewahi kuifungua sura hiyo, alihakikisha kwa chupa ya mtoto jambo ambalo mimi mwenye kuihifadhi sikulihakikisha.

Kesho yake kijana wa Kibera alikwenda barabara ya Kirinyaga katikati ya jiji, kwenye maduka ya spea, kutafuta sili. Hakutaja hata jina la pikipiki. Juu ya pete ya zamani kulikuwa na tarakimu tatu: upana wa ndani, upana wa nje na unene, na kwa tarakimu hizo akapata mpya. Bei yake haikufikia bei ya kuku. Mzee alifungua upande wa klachi, akatia kipande cha shaba laini kati ya meno ya gia zisizunguke, akafungua nati, akang'oa pete iliyokakamaa kama ganda la korosho, akaingiza mpya baada ya kuipaka oili kidogo kwenye mdomo. Kazi yote ilikwisha kabla ya adhuhuri. Moshi ukapungua ukawa uzi mwembamba.

Nilidhani amemaliza. Akafungua kabureta. Kwa kuwa Nairobi iko juu na hewa yake ni nyepesi, alisema, pikipiki iliyopangwa Pwani hapa hupata petroli nyingi kuliko hewa, plagi ikawa nyeusi na nguvu zikapungua. Angeweza kuipunguzia petroli, ingekimbia vizuri hapa Kawangware na mimi ningemsifu. Lakini ikishushwa Pwani, kwenye hewa nzito, petroli ingekuwa haba, injini ingechemka, na pistoni ingeweza kukwama njiani. Akatazama tu pini ya sindano ya kabureta iko kwenye mtai gani, akaiacha palepale.

“Hapa itakohoa kidogo,” alisema. “Sikuitengenezea hapa. Nimeitengenezea huko inakokwenda.”

Nilirudi kwetu siku chache kabla ya Ramadhani. Sikupiga simu. Nilikwenda mwenyewe nyumbani kwa mama wa kijana, nikamkuta barazani akisuka ukili. Nilimweleza yote, ya nailoni na ya sili, na kwamba mwanawe hakuchelewa kwa uvivu wala hakuuza chochote. Nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusuka. Kisha akaniuliza swali moja:

“Sheikh, ulipomshuku mwanangu, mliwaambia watu wangapi?”

Sikuwa na hesabu. Neno la kamati lilikuwa limetoka mlangoni siku ile ile, likafika sokoni, likafika kwa watu waliokuwa wakifikiria kumpa binti yao. Basi Ijumaa iliyofuata nilisimama baada ya sala na kulisema mbele ya watu, kwa jina la kosa langu na si kwa mafumbo. Na leo ninaliandika hapa, ili limfikie na yule aliyesikia uvumi akiwa mbali.

Madrasa zilipofunguliwa baada ya Idi, kijana alirudi. Hakudai chochote ila sharti moja: inunuliwe chupa ya mtoto yenye vipimo, na kila Alhamisi oili ipimwe mbele ya watu wawili na kuandikwa. Ipo sasa, imetundikwa msumarini katika stoo ya madrasa. Watoto wadogo huuliza ni ya mtoto gani.

Wale wenye vijana wanaoendesha pikipiki nyumbani, chukueni haya machache. Pikipiki ikizimika baada ya muda na kuwaka tena, sikilizeni mfuniko wa tangi kwanza kabla ya kulaumu mtu. Plagi ikitoka na rangi ya kahawa ya maziwa, injini ina afya. Ikiwa nyeusi kama masizi, inapata petroli nyingi au chujio la hewa limezibika. Ikiwa nyeupe, inapata moto kupita kiasi. Ikiwa imelowa oili, tafuteni oili hiyo inapitia wapi. Msitazame ndani ya tangi kwa kiberiti wala kwa taa ya moto, na watoto wakae mbali mafundi wanapojaribu cheche. Na mwenye pikipiki kuukuu ya mipigo miwili apime oili ya gia kabla hajamhesabia mtu dhambi.

Namwomba Mwenyezi Mungu amsamehe mwandishi huyu, awabariki mafundi wa Kibera na Kawangware katika riziki zao, na azihifadhi ndimi zetu na heshima za watoto wetu. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.